Moja kwa Mia Moja na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la kazi, si la siri. Kila anayejenga meli ndogo katika chama chetu anatakiwa kuandika alichofanya siku kwa siku, ili akikwama mwenzake ajue pa kuanzia. Ndiyo sheria. Niliitunga mimi. Zimebandikwa sheria kumi ukutani kule nyuma ya duka la vifaa tunakokutana. Nane nimezitunga na mbili nimezisahihisha.

Habari yenyewe ni hii. Meli kongwe ya makumbusho, ile iliyofungwa gatini tangu nikiwa msichana, itavutwa kwenda kukatwa vyuma tarehe 31 Mei. Imeoza chini, haitengenezeki tena. Msimamizi wake alikuja Jumamosi mpaka dukani, kofia mkononi, akauliza kama tunaweza kumjengea mfano wake ukae ukumbini. Mfano wa kweli, alisema, si pambo la kabatini. Autie mkononi tarehe 30, siku moja kabla meli haijaondoka.

Miezi mitatu. Tukahesabu siku kwenye kalenda. Kisha shemeji akasema, "Tukigawana inawezekana," na hapo ikawa inawezekana.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na mbili, sasa amestaafu, na ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Yeye atajenga nusu ya nyuma, yaani tezi. Mimi nitajenga nusu ya mbele, omo. Kila mtu kwake, maana chumba chake hakiingii meza ya pili, na mimi sifanyi kazi huku naangaliwa. Tutaunganisha katikati, kwenye ubavu wa kumi na nane. Mama Gundi, mwenye duka, amechukua milingoti, kamba na bomba la moshi. Daktari wa Meno amechukua boti kumi za kuokolea na vyuma vidogo vidogo. Kipimo ni moja kwa mia: mita ya meli ni sentimita ya mbao.

Jumanne, 4 Machi

Msimamizi ametuazima mchoro wa asili, karatasi mbili, moja ya omo na moja ya tezi. Amesema zirudi bila doa.

Ya omo nimeifunika nailoni, nitaitumia hivyohivyo. Ya tezi siwezi kumpa shemeji, kwa sababu yeye hutoboa mchoro kwa sindano kila anapohamisha alama kwenye mbao. Kwa hiyo nimeitoa nakala kazini saa ya mapumziko. Mimi ni karani mkuu wa masjala. Karatasi haijawahi kuharibika mikononi mwangu. Nikaipiga muhuri kabisa, NAKALA SAHIHI YA ASILI, na saini.

Shemeji alipouona muhuri alicheka. "Shemeji, wewe ukipiga muhuri hata jua linachomoza kwa wakati."

Chamani wananiita Rula. Wanadhani sijui kama ni utani.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza. Tumekwenda melini wanne wote, tumelowa tukiwa bado hatujapanda ngazi.

Nimepima sitaha ya mbele kwa kamba ya mita. Mama Gundi amepiga picha kila fundo la kamba. Daktari aliingia kwenye boti ya kuokolea akashindwa kutoka, tukamvuta mikono. Chini, kwenye chumba cha injini, maji yamefika kifundo cha mguu na harufu ni ya mafuta ya zamani na kutu. Msimamizi anafuta shaba za usukani kila asubuhi mpaka leo. Nilimuuliza za nini, na meli inaenda kukatwa. Akasema, "Bado haijaenda."

Tulipopumzika shemeji akatumiminia chai kutoka kwenye chupa. Mkono ukamtetemeka. Chai ikamwagika kwenye kisahani, kisha kwenye benchi, na kikombe kikagonga chupa kama mtu anayebisha hodi. Sote tuliona.

"Meli inayumba leo," Daktari akasema, kwa wema.

"Imefungwa kamba sita, Daktari," shemeji akajibu, akauweka mkono mfukoni.

Wakati wa kushuka alinishika kiwiko. "Tezi ndiyo ngumu," akaniambia, "ndiyo maana nimeichukua. Imejaa mikunjo. Ikikubali, nitajua mikono hii bado ni yangu. Ikikataa, basi nitaiweka mikono chini, sitashika patasi tena." Hakusema kama anayetaka kuhurumiwa. Alisema kama anayenitajia saa ya basi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mbavu tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mbavu mbili. Ya tatu imepasuka, na kosa ni la gundi.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kabati. Kabati la wote lipo chumba cha nyuma cha duka, na kila kilichomo ni cha kila mtu: michoro, misumeno midogo, vitabu, waya wa shaba. Ukichukua unaandika kwenye daftari la kabati, ukirudisha unaandika. Leo nimegundua jiliwa dogo halijarudi tangu Januari. Nikauliza kwa sauti. Daktari wa Meno akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nilikuwa nabania boti, Rula. Kuna watu hubania maneno."

Lakini ameleta sindano zake kuukuu za kutobolea meno, kumi na mbili, za kutobolea matundu ya kamba. Mama Gundi anauliza zimepita vinywani mwa watu wangapi. Daktari anasema zimechemshwa, na kwamba mbao haiugui fizi.

Shemeji hakuja. Yuko kwake anafanya kazi.

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu amerudi kutoka kwa kaka yake. Anasema shemeji amejinyoa vizuri, amekula vizuri, na anaimba akifanya kazi. "Sijamsikia akiimba tangu afunge kibanda cha saa," akasema. Mlango wa chumba cha kazi shemeji hakuufungua. Anataka tuione tezi siku hiyohiyo ya kuunganisha.

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Imekataa.

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi tulikuwa wote nyuma ya duka, meza imefutwa, taa mbili. Niliiweka omo yangu. Shemeji akafunua tezi yake kutoka kwenye shuka. Nitasema ukweli: sijawahi kuona kitu kile. Ubao umefuata mkunjo mpaka kwenye usukani bila hata alama ya patasi. Mama Gundi aliweka mkono kifuani.

Tukazisogeza zikakutana kwenye ubavu wa kumi na nane. Omo yangu ikatokeza pembeni, huku na huku. Tukageuza, tukabana, tukaachia. Ilikuwa vilevile. Nikachukua rula, maana ndiyo kazi yangu. Ubavu wangu, milimita 130. Wake, 126. Kwa kimo pia yake ni fupi karibu milimita tatu. Na meli yenyewe tuliipima, katikati ina mita kumi na tatu kamili.

"Ni unyevu," Mama Gundi akasema. "Mbao imevimba na mvua hizi."

"Mbao haivimbi milimita nne," nikasema. Nilisema hivyo mimi.

Daktari akasema, "Tuangalie mchoro kwanza."

Nikamjibu, "Mchoro ni mmoja. Nimeupiga muhuri mwenyewe."

Shemeji alikuwa ameinama karibu sana na meza, jicho kwenye maungio kama zamani alipokuwa anatazama ndani ya saa. Akasimama. "Usitafute mchoro, Daktari. Mikono yangu naijua." Akavaa koti. Mara mbili mkono wa kulia ulilikosa tundu la koti, mara ya tatu Mama Gundi akamsaidia. Nakala aliikunja akaiingiza kabatini, akaandika kwenye daftari la kabati: imerudi. Tezi akaiacha mezani.

Alipofika mlangoni akasema, "Samahani, shemeji. Nimekuharibia."

Na mimi nikasema, "Si kitu." Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Wiki sita za kazi yangu safi, na mtu mmoja kaharibu. Ndivyo nilivyowaza nikitembea nyumbani na mwavuli.

Jumapili, 13 Aprili

Mume wangu: "Umemwambia nini kaka yangu?"

Nikamwambia sijamwambia kitu, rula ndiyo imesema.

Jumatano, 16 Aprili

Shemeji amepita dukani akaacha patasi tano na bikari yake ya shaba. Ameandika kwenye daftari la kabati: zimetolewa kabisa. Mama Gundi amenipigia simu kazini kuniambia. Alikuwa analia, au ni mafua.

Zilizobaki siku arobaini na nne. Daktari anapendekeza tukiri kwa Msimamizi kwamba tumeshindwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui niandike wapi kwingine, kwa hiyo naandika hapa.

Leo saa tano mzee mmoja alikuja masjala na ramani ya kiwanja chake, amekasirika. Mpima ardhi amemrudishia nakala tuliyompa. "Kiwanja changu kimepungua," akasema. "Nimelala nina kiwanja, nimeamka nina kipande." Wasaidizi wangu wakacheka. Mimi nikachukua ramani ya asili na nakala yake, nikaweka moja juu ya nyingine dirishani.

Nakala ilikuwa ndogo. Kidogo tu, kama nguo iliyofuliwa mara moja.

Kijana wa mashine ya nakala akaeleza bila hata kugeuka. Karatasi ikijaa mpaka ukingoni, mashine huibana yenyewe ili ibaki na pambizo. Kuna kitufe cha kuizuia. "Tangu Februari mama, tangu waibadilishe. Si niliwaambia?"

Niliomba ruhusa ya kutoka. Sijawahi kuomba ruhusa miaka kumi na moja. Nilikwenda dukani kwenye mvua. Mama Gundi alikuwa mbele na mteja wa rangi. Nikapita nyuma, nikafungua kabati, nikaitandaza nakala ya tezi. Chini pembeni upo mstari wa kipimo, ule ambao kila mchoro wa meli unao, uliochorwa uwe na sentimita kumi kamili. Nikaweka rula.

Tisa nukta saba.

Ukutani, mbele ya pua yangu, sheria ya nne: Kila nakala ipimwe mstari wa kipimo kabla ya kutumika. Mwandiko wangu. Na juu ya karatasi, muhuri wangu.

Kisha nikafanya jambo ambalo heri nisingefanya. Nikachukua bikari ya shemeji nikapima tezi yake dhidi ya nakala, mahali kwa mahali, kwenye kila tundu la sindano yake. Mahali thelathini na moja. Hakuna alipokosea hata unene wa karatasi. Mtu mwenye mkono unaomwaga chai amejenga kitu kisicho na kosa hata moja, kisha akaomba radhi.

Mama Gundi akaingia. "Rula, unatafuta nini?"

"Gundi," nikasema.

Nikanunua gundi. Ninazo chupa nne nyumbani.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijamwambia. Mvua kubwa mno, njia ya kwake imejaa maji.

Jumamosi, 19 Aprili

Njia imekauka. Sijamwambia.

Jumanne, 22 Aprili

Nimejiuliza ninachoogopa ni nini. Si kwamba atakasirika. Ni kwamba watu watajua. Miaka ishirini na sita nawasahihisha watu. Nimewahi kumrudisha mjane kutoka dirishani kwa sababu jina la mumewe lilikosa herufi moja. Kesho wakijua kwamba Rula hakupima, nitakuwa nani?

Nimeandika hivyo nikasoma. Ni aibu. Lakini sijamwambia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mume wangu amekutana na kaka yake akitoka kwa kinyozi. Shemeji hajawahi kunyolewa na mtu maishani mwake. Hujinyoa kwa wembe, mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Anasema hauamini tena mkono wenye wembe.

"Na saa zake zimesimama," mume wangu akasema. "Zote. Hazitii ufunguo."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaendelea kukata.

Jumatano, 30 Aprili

Msimamizi ameuliza tumefikia wapi. Mama Gundi kamwambia tunaendelea. Daktari ametengeneza boti tisa.

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Binti yetu amekuja na mtoto wake mchanga wa wiki tano. Tulikula wote, na shemeji alikuja kwa sababu mume wangu alikwenda kumchukua. Alikaa kwenye kochi la pembeni, mikono ameikalia, kama mtu anayeona baridi. Akamwomba mke wa jirani, aliyekuja kumwona mtoto, amkatie nyama. Sikujua nitazame wapi.

Baada ya kula binti akamsogelea na mtoto. "Baba mkubwa, hujamshika mjukuu wako tangu azaliwe. Mshike."

"Mimi namwona vizuri nikiwa hapa."

"Dakika moja tu."

"Mwanangu, nimekataa," akasema. Hakupandisha sauti. "Mikono hii hata mbao imezikosea. Nitampa mtoto aanguke?"

Mume wangu akatoka nje akajifanya anatazama mfereji. Binti akarudi na mtoto wake, uso umemshuka. Na mimi, mwenye ufunguo wa yote yale, nikasema, "Nani anaongeza chai?"

Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusema.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia.

Nilitoka kazini saa nane, nikapita dukani, nikachukua tezi kwenye shuka lake, nakala, mchoro wa asili na bikari. Nilipanda ngazi zake nikiwa nimelowa mpaka mgongoni. Akafungua. Chumbani mna saa kumi na tano ukutani, kila moja imesimama kwa wakati wake. Sikukaa.

Nikasema, "Shemeji, tezi yako haina kosa. Kosa ni langu. Mashine ilipunguza nakala, na mimi nilipiga muhuri bila kupima mstari."

Akachukua nakala, akaweka rula yangu kwenye mstari. Akaweka ya asili kando yake. Kisha akachukua bikari, kwa mikono miwili, akaanza kupima tezi: tundu, mbao, tundu, mbao. Mkono ukitetemeka aliusubiri utulie, ukitulia aliuweka. Nilisimama mlangoni na maji yananitiririka. Alipima yote thelathini na moja kama mimi.

"Umejua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema leo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Tarehe kumi na saba, mwezi uliopita."

Akahesabu. Fundi saa huhesabu haraka. "Siku kumi na nane."

"Ndiyo."

"Jana ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Mtoto alipoletwa, ulikuwa umesimama pale na birika, unajua."

Nikasema ndiyo.

"Mashine ningeisamehe," akasema. "Na muhuri pia, kila mtu husinzia. Lakini uliniangalia nikiizika mikono yangu, shemeji, ukaniuliza kama naongeza chai." Akaiweka bikari mezani. "Acha karatasi. Nenda."

Nikashuka. Mwavuli nimeusahau kwake.

Jumatatu hiyohiyo, jioni

Nimemwambia na mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku kumi na nane tunakula meza moja." Amehamishia mto wake sebuleni.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaambia Mama Gundi na Daktari. Mama Gundi akasema, "Ile gundi." Daktari hakufanya utani. Heri angefanya.

Ijumaa, 9 Mei

Kimya. Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Saa nne kamili mlango wa duka ukalia kengele. Shemeji. Amejinyoa mwenyewe, ana mkwaruzo mdogo kidevuni. Hakunisalimu. Akapita nyuma, akafungua daftari la kabati, akatafuta ukurasa, akakata mstari kwenye zile patasi tano na bikari. Pembeni akaandika: zimerudi kwa mwenyewe. Kisha akaziingiza mfukoni moja moja.

Mama Gundi akamvutia kiti. Hakukaa.

"Siku ishirini," akasema. "Tuna nusu mbili za meli mbili. Moja ifuate nyingine."

Nikasema nusu yangu ndiyo yenye kipimo sahihi cha moja kwa mia, lakini kosa si lake, kwa hiyo nitamsaidia kwa kila namna kujenga tezi upya. Nilidhani nasema jambo la ungwana.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi sina tezi nyingine, shemeji. Hii mikono ina tetemeko la kweli, halikuletwa na mashine yako. Nilikuwa na moja imebaki, nimeitoa, na ni hii. Wewe utaifuata."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Omo naijenga upya, kwa nakala iliyobanwa kiasi kilekile. Daktari akauliza kuhusu boti zake kumi. Tofauti yake haifiki hata unene wa shilingi, nani ataona? Shemeji akasema, "Mimi." Daktari akaugua kama mgonjwa wake mwenyewe, akaenda kutafuta plasta ya kufinyangia boti mpya.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetoa nakala ya omo. Nimebonyeza na kuachia kitufe kile mara tatu. Nimepima mstari: tisa nukta saba. Nimepima tena. Sikupiga muhuri.

Omo ya kwanza nimeiweka kazini, juu ya ile mashine. Kijana wa mashine ameuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya ukumbusho.

Jumatano, 14 Mei

Mbavu saba. Shemeji huja kila siku saa kumi na moja, anakaa kwangu mezani, ananiangalia nikifanya kazi. Mimi nisiyeweza kufanya kazi nikiangaliwa. Anapima kwa rula yangu mwenyewe.

"Rudia," anasema.

Alhamisi, 15 Mei

"Rudia."

Jumamosi, 17 Mei

Leo hakusema rudia. Nimemwekea chai kikombe nusu, ili isimwagike. Akasukuma kikombe. "Jaza." Nikajaza. Ikamwagika kidogo, akaifuta kwa leso yake, akanywa.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Ubao wa tatu wa kulia umepasuka saa kumi na mbili kasoro, na gundi haina kosa. Ni haraka yangu. Nimekaa chini nikalia, mtu mzima. Shemeji alisubiri mpaka nikamaliza, kisha akanionyesha namna ya kulowesha ubao kwa maji moto kabla ya kuukunja. Alishanionyesha miaka tisa iliyopita, nikamwambia najua.

Mume wangu amerudisha mto.

Jumatatu, 26 Mei

Siku nne. Bado upande wa kushoto.

Jumanne, 27 Mei

Siku tatu. Nimeomba likizo. Mkuu wangu akadhani naumwa.

Jumatano, 28 Mei

Saa tisa alasiri, nyuma ya duka, taa mbili. Tukazisogeza zikakutana. Shemeji akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio, kutoka tezi kuja omo, pande zote mbili. Ukucha haukukwama.

"Imekubali," akasema.

Mama Gundi akakaa sakafuni na kamba zake zote.

Ijumaa, 30 Mei

Tumeipeleka. Jua limewaka, barabara zinatoa mvuke. Daktari aliendesha gari mwendo wa mgonjwa.

Kibao cha shaba kilibaki suala mpaka jana. Mama Gundi alitaka kiandikwe moja kwa mia, nani atakuja ukumbini na rula. Shemeji akasema kiandikwe kilivyo, na atakayemwandikia mchonga vibao ni mimi, kwa mwandiko wangu. Nikaandika.

Msimamizi aliizunguka meza mara tatu. Alipofika kwenye tezi alikaa muda mrefu, akainama, akagusa usukani mdogo kwa kidole kilekile anachofutia ule mkubwa. Kisha akasoma kibao, akakunja uso.

"Moja kwa mia moja na tatu," akasema. "Nimeziona meli za kumbi nyingi. Sijaona kipimo hiki. Mchonga vibao amekosea?"

Daktari akatazama dari. Mume wangu akatazama viatu. Shemeji akanitazama mimi, mikono mfukoni, na akasubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka kiandikwe. Kila atakayeingia ukumbini ataulizia namba ile, na Msimamizi ataniita.

"Hajakosea," nikasema. "Nilikosea mimi." Nikamweleza yote, mashine, mstari, muhuri. Nikamweleza na zile siku kumi na nane, ambazo hakuuliza.

Msimamizi akaigeukia tezi. "Na hii nyuma, nani kaijenga?"

"Huyu," nikasema. "Ipime. Hutapata kosa."

Jumamosi, 31 Mei

Meli imeondoka saa tatu asubuhi, inavutwa na boti mbili ndogo. Msimamizi alikuwa amezifuta shaba.

Tulirudi kwetu kula. Binti alikuja na mtoto. Hakumsogeza kwa mtu yeyote, alikwishajifunza. Shemeji alimaliza chai yake, akaenda kwenye kochi, akakaa, akajisogeza mpaka mgongo ukashika vizuri, akaweka mto mapajani.

"Mlete," akasema.

Binti akanitazama. Nikamwambia mpe.

Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, wote tuliuona, na yeye aliona kwamba tunaona. Akausubiri utulie. Haukutulia. Akamshika hivyohivyo, na mtoto hakuamka.